Nguzo ya Mninga na Kidole Gumba cha Fundi

Mikononi nina makovu tisa, na manane kati yake niliyapata kwa vifaa butu. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu wengi wanaoanza kazi ya mbao kama mimi, kwa mapenzi tu, Jumamosi baada ya wiki nzima ya kazi nyingine, huogopa makali. Makali hayana ubaya. Patasi iliyonolewa vizuri huenda pale unapoisukuma. Patasi butu hukataa, ukaiwekea bega, ikakataa tena, kisha ghafla ikakubali yote kwa mara moja na kurukia mkono ulioshika ubao. Yangu iliingia kwenye nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada. Niliona ngozi ya upande wa pili ikiinuka kama hema kabla haijapasuka. Ubao ukalowa damu ya moto, na mimi nikawa nimekaa chini bila kujua nimekaa saa ngapi.

Kwa hiyo, la kwanza: funga ubao kwenye jiliwa au kwenye klampu, na mikono yote miwili ikae nyuma ya makali. Ukiona mkono wako uko mbele ya patasi, simama, hata kama umebakiza kipande kidogo tu. Hapo kwenye kipande kidogo ndipo watu wanapoumia.

Mimi ni mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi, Nduguti. Kazi ya mbao nilifundishwa na fundi mmoja Msukuma aliyehamia hapa ofisi mpya za wilaya zilipoanza kujengwa, milango na madirisha yakawa yanahitajika kila upande. Mimi Mnyiramba, yeye Msukuma, basi tulikuwa watani tangu siku ya kwanza. Mtani akikutukana unacheka. Akichukua kuku wako unamtafutia na chumvi. Akikuomba radhi, ujue anaumwa.

"Wewe Mnyiramba, nani amekupa patasi?" aliniuliza siku ile nilipoingia na mkono uliofungwa kitambaa. "Mikono imejaa mlenda. Itakuteleza uchome roho."

"Afadhali mlenda. Wewe umelelewa na ng'ombe, ndiyo maana unaranda kama unalamba."

Alicheka mpaka akaweka randa chini. Kisha akachukua patasi yangu, akapitisha kidole kwenye ncha yake, akacheka tena, na safari hii kwa huruma. Akanionyesha kinoo. Mimina maji. Laza ule mteremko wa patasi juu ya jiwe mpaka ulale wote, usiuinue, usiushushe. Sukuma taratibu mpaka uguse kwa ukucha upande wa nyuma usikie unyuzi mwembamba wa chuma umejikunja. Unyuzi huo ndio ushahidi kwamba umefika ukingoni. Igeuze patasi, ulaze mgongo wake wote juu ya jiwe, uukate unyuzi. Malizia kwenye mkanda wa ngozi. Nilifanya hivyo Jumamosi nne mfululizo bila kugusa ubao. Mwanafunzi wangu angekuwa ameshaacha shule.

Makosa mengine niliyafanya bila yeye. Kwetu Singida alizeti haituishi ndani, na kila mtu humu mkoani akitaka kitu king'ae anawaza alizeti kwanza. Kigoda cha kwanza nilichomtengenezea mama mkwe nilikipaka mafuta ya alizeti, mara tatu, kikang'aa kama kimetoka dukani. Mafuta yale hayakauki upesi kama vanishi. Yalibaki yananata, yakakusanya vumbi na sisimizi. Mama mkwe alikikalia kwenye kikao cha ukoo, na aliponyanyuka kigoda kikanyanyuka naye, kisha kitenge kikachanika mbele ya wakwe wote. Tumia nta. Wafuga nyuki wa Mitundu wanaileta hadi huku ikiwa mabonge. Iyeyushe kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, uitoe motoni, uiondoe kabisa, uende nayo mbali, ndipo utie tapentaini. Mimi nilitia kopo likiwa bado juu ya mkaa. Moto ulinipanda usoni kwa mlipuko mmoja, nikabaki bila nyusi muhula mzima, na darasa la sita likawa linanitazama badala ya kutazama ubao.

Hayo ni maumivu ya kuchekwa. Ninalotaka kueleza ni jambo jingine.

Tembe la babu yangu lilikuwa Kinyangiri, na lilikuwa limeinama. Mvua zilikuwa zimelowesha udongo wa paa mpaka kuta zikatoa matumbo. Baba wadogo wakaamua liangushwe kabla halijaua mtoto. Nilikwenda na shoka. Kuangusha tembe ni vita. Unakata nguzo za pembeni moja baada ya nyingine, unasikia paa likiguna, unakimbia, linakataa kuanguka, unarudi. Lilipoanguka lilianguka lote, ardhi ikatikisika, na vumbi la masizi ya miaka yote ya babu na bibi likatufunika tukawa weusi hadi kwenye meno. Panya wakatoka kwa makumi. Mbwa wakawadaka na kuwakung'uta hewani hadi mifupa inalia. Nyoka mmoja alijitokeza kati ya fito, baba mdogo akamkata kwa jembe mara tatu, na kipande chenye kichwa kikaendelea kuuma mpini.

Katikati ya kifusi ilibaki imesimama nguzo moja. Mninga, nene kuliko paja langu, nyeusi kwa moshi, haina hata tundu la mchwa. Nikaiomba. Mti uliokauka ndani ya nyumba kwa muda mrefu namna ile haujikunji tena wala kupasuka. Ukiupasua mbao unapata ubao uliotulia. Nilitaka nijitengenezee meza ya kufanyia kazi. Wakanipa, tukaipakia kwenye guta la injini mpaka karakana ya fundi.

Fundi aliigonga kwa nyundo, akaisikiliza. Ukutani kwake alikuwa na sumaku iliyotolewa kwenye spika ya redio mbovu, imefungwa kamba. Kila ubao uliotoka kwenye nyumba iliyobomolewa aliupitishia sumaku ile kwanza, kila upande. Sikuwahi kumwona akiacha.

"Kuna msumari humu?" aliuliza.

"Tembe halina msumari," nikamjibu.

Na ni kweli. Tembe hufungwa kwa kamba za magome. Kila mtu wa huku anajua, na yeye naye anajua, kwani hata kwao nyumba za wazee zilifungwa hivyo.

"Kweli," akasema. "Babu yako angepata wapi msumari? Hata suruali alikuwa anaazima."

Sumaku ikabaki ukutani.

Mashine yake aliichomelea mwenyewe: meza ya chuma, mota chini, mkanda, na bledi ya duara inayochomoza juu kama nusu ya jua. Kifuniko cha bledi alikuwa amekifungua asubuhi ile, kwa sababu nguzo yangu ilikuwa nene haipiti chini yake. Yeye alisukuma, mimi nilikuwa upande wa pili napokea. Kelele ilikuwa kubwa, lakini kelele haijawahi kuwanyamazisha watani.

"Zima! Unamchoma babu!" nikapiga kelele alipoanza.

Akaangua kicheko, akasukuma.

"Zima, Msukuma! Anasema unamtekenya!"

"Mwambie akae vizuri!"

Tulipiga hivyo mapito mawili, mbao mbili zikatoka, rangi ya dhahabu yenye mistari myekundu, vumbi lake likinukia. Niliita "zima" labda mara sita. Kila nilipoita alicheka, na kila alipocheka alisukuma zaidi.

Kwenye pito la tatu, kipande kilichokuwa kinanijia kilikuwa na doa. Lilianza kama mstari mwembamba wa bluu-nyeusi, kama wino, likapanuka. Nawaomba mlikumbuke doa hilo. Chuma kikilala ndani ya mti, huuchafua mti kandokando kwa rangi ile, na doa hutangulia chuma kwa urefu wa kidole au viwili. Nililijua. Nilikuwa nimefundishwa na mtu yule yule aliyekuwa anasukuma.

"Zima! Chuma! Zima!"

Akacheka. Naona hata leo meno yake. Akaegemeza kifua, akasukuma.

Sauti ilikuwa kama bati linalochanwa na mtu mwenye hasira. Bledi ilitema cheche, jino moja likapita karibu na sikio langu na kujikita kwenye fremu ya mlango nyuma yangu. Nguzo iliruka. Ilirudi kwake kwa nguvu ambayo sijapata kuiona kwenye kitu kisicho na uhai, ikampiga tumboni, akajikunja mbele, na mkono wa kulia uliokuwa juu ya mti ukakosa mti. Ukaangukia bledi.

Hakupiga kelele. Mimi ndiye niliyepiga. Niling'oa waya ukutani pamoja na soketi yake. Bledi iliendelea kuzunguka kwa muda ulioonekana mrefu, ikinyunyiza damu mstari mmoja juu ya dari, mstari mmoja juu ya shati langu, na ilipopunguza mwendo ikawa inadondosha tu. Kidole cha shahada na cha kati havikuwepo. Kidole gumba kilikuwepo, kimegeukia nyuma, kimeshikwa na nyama na ngozi upande mmoja.

Nilivua shati, nikalikunja, nikalibana kwenye jeraha kwa mikono yangu miwili, nikauinua mkono wake juu ya kichwa. Fanya hivyo tu: bana, inua, usiachie kuchungulia. Jirani alikuja na kamba ya kufungia mzigo akitaka kukaza kwenye kifundo cha mkono, kamba ambayo ingelinyima gumba damu, nikamfukuza kwa matusi ambayo mwalimu hatakiwi kuyajua. Tulipanda pikipiki watatu, fundi katikati, mimi nyuma nimeshika mkono wake juu kama bendera, damu ikinitiririkia hadi kwapani. Kwenye kila shimo la barabara aligonga kichwa chake kwenye kidevu changu. Kituo cha afya kikatupa gari, gari likatupeleka hospitali kubwa.

Daktari alikuwa kijana, mpole, ana haraka. "Vidole viwili vimekwenda," alituambia kesho yake. "Gumba tumelishona. Tunalingoja siku tano. Likiwa jeusi tunakata."

"Kata kichwa," fundi akasema. "Gumba niachie."

Hakuwa anatania. Randa hushikwa na gumba. Patasi, nyundo, msumeno, hata kinoo: vidole vingine vinasaidia, gumba ndilo linaloshika. Bila gumba la kulia, mtu yule aliyefungua karakana kwa mikono yake angekuwa mlinzi wa getini kwenye mojawapo ya ofisi alizozipachikia milango.

Siku ya pili nilirudi Nduguti kufunga karakana. Nguzo ilikuwa bado kando ya mashine, pale ilipoangukia. Nikachukua shoka na kabari. Sikuwa na sababu ya kazi. Nilikuwa nataka kuipiga. Nilipiga mpaka viganja vikachubuka, mninga ukilia kila kabari ilipozama, hadi ukapasuka sehemu mbili kama nyama ya mbavu. Ndani yake, katikati ya doa jeusi, kulikuwa na kigumba cha mshale. Kilipigiliwa ncha ikiwa mbele, mkia ukabaki nje wa kutundikia kitu, baadaye ukakatika usawa wa mti, masizi yakakifunika.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Podo la babu, mfuko wake wa mishale, lilikuwa linaning'inia kwenye nguzo ile. Sikuwahi kujiuliza limetundikwa kwenye nini. Tembe halina msumari, lakini mzee mwenye mishale kumi iliyovunjika hana haja ya msumari. Niliwapigia simu baba wadogo wote wawili, na wote wawili wakajibu kwa mshangao uleule: "Sasa ulidhani podo linashikwa na nini?" Hakuna aliyekuwa amenificha. Hata mmoja wetu hakuwahi kukihesabu kuwa ni chuma.

Mbao mbili nzuri na vipande vyote nilivichoma uani kwangu. Mke wangu aliniuliza kama nimepata wazimu. Nilimwambia aniachie moto wangu.

Siku ya tatu kaka yake fundi alifika kutoka kwao, mtu mrefu, ana fimbo ya kuchungia. Alinikuta uani mwa hospitali.

"Wewe ndiye Mnyiramba mwenye nguzo?"

"Ndiye mimi. Shikamoo, ka—"

Fimbo ilinikata begani kabla sijamaliza. Ya pili ilitua mgongoni, nikapiga goti.

"Utani wenu una damu? Eti? Una damu?"

Ya tatu ilikuwa njiani pale dirisha la wodi lilipofunguka.

"Kaka! Acha!" Ilikuwa sauti ya fundi. "Huyo ni mtani wangu. Nitampiga mwenyewe nikipona!"

Muuguzi alitoka akatufukuza wote wawili kwa ufagio. Tulikaa nje ya geti, mimi na kaka mtu, mpaka saa ya kuona wagonjwa.

Jioni ile fundi aliniuliza. Alikuwa anatazama dari.

"Ulivyosema zima. Ile ya mwisho. Ilikuwa kweli?"

"Kweli."

"Nilisikia chuma. Nikasema, leo huyu amepata utani mpya." Akanigeukia. "Nawe ulisema tembe halina msumari. Ilikuwa kweli?"

"Nilidhani ni kweli."

"Mimi pia nilidhani." Akarudisha macho darini mpaka tulipotolewa.

Nimewaeleza vijana wengi tangu hapo: watani wasisimame pande mbili za mashine. Mkitaniana, mtaniane wakati wa chai. Kwenye bledi neno "zima" liwe na maana moja, na afadhali msitegemee neno kabisa; anayepokea akae na mguu karibu na swichi, na akiona asiloelewa, azime yeye mwenyewe, maelezo yaje baadaye. Ubao wowote uliowahi kuishi na watu, upitishie sumaku, hata kama mwenye ubao anaapa. Hasa kama anaapa.

Siku ya tano daktari alifungua bandeji. Gumba lilikuwa limevimba, rangi ya zambarau, na ncha yake kijivu. Daktari alichukua sindano akalichoma, mara moja, ndani kabisa. Tone lilitoka. Lilikuwa jekundu. Fundi aliguta kwa maumivu hivi kwamba mgonjwa wa kitanda cha pili akaanza kusali, na kaka yake, yule wa fimbo, akageukia ukuta, mabega yakitikisika.

"Choma tena," fundi alisema. "Nisikie tena."

Gumba lilipona, ila halikunjiki kwenye kiungo. Randa yake ya chuma ina mpini wa nyuma uliotengenezwa kwa ajili ya vidole vinne na gumba linalozunguka. Yeye alikuwa na gumba gumu, kidole cha pete na kidole cha mwisho. Aliishika, ikamponyoka, ikaangukia mguu wake. Akaitukana kwa Kisukuma.

Nikamletea udongo wa kichuguu uliokandwa, laini kama wa wafinyanzi. Nikamwambia aukamate kama anaranda, kwa nguvu zake zote, kisha aachie. Ulibaki umbo la mkono wake mpya, mashimo na matuta. Huo ndio mfano niliochonga kwa mti wa mpera, maana mpera hauchaniki ovyo na haukwangui ngozi. Ukitaka kumtengenezea mtu mpini, usiupime mkono wake kwa rula. Mpe udongo aukamate.

Wa kwanza ulikuwa mnene. Aliujaribu, akanirushia, ukanigonga goti. Wa pili niliuchonga nyuzi za mti zikiwa zimesimama wima, kosa ambalo ningemchapa mwanafunzi kwalo. Nyuzi za mpini lazima zilale kufuata njia ya msukumo, la sivyo mpini unakatika kwenye shingo. Ulikatika msukumo wa tatu, kiganja chake kikashukia chuma, kovu likafunguka pembeni.

Wa tatu nyuzi zililala vizuri. Niliupiga msasa, nikaupaka nta, nikausugua kwa kitambaa mpaka ukawa mkavu mkononi. Kwenye meza kulikuwa na fremu ya mlango wa mteja mmoja, iliyongoja tangu siku ile. Aliweka randa juu yake. Gumba gumu liliingia kwenye bonde nililolichimbia, vidole viwili vikabana kutoka chini. Akasukuma. Randa ilikwama, ikatetemeka, ikang'oka, ikakwama tena. Mistari ya jasho ilimshuka shingoni. Kwenye kovu damu ilitokeza kidogo, ikaacha alama kwenye mpera.

"Pumzika," nikasema.

Akanitazama kwa chuki. Akarudi nyuma hatua moja, akateremsha bega, akasukuma kwa mwili wote. Randa ikaingia, ikaenda, na maranda yakapanda kutoka kwenye mdomo wa randa, utepe mmoja mrefu usiokatika, kutoka mwanzo wa fremu mpaka mwisho, ukamwangukia miguuni.

Aliugeuza ubao upande wa pili.

"Unasimama kutazama nini?" akasema. "Shika huku. Mwenye mlango anakuja saa nane."